Gisenyi hadi Brussels: angani ni saa nane tu

Desemba 1893 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani, mizigo yake ikiwa vichwani mwa mamia ya wapagazi. Alipita kwa Mwami wa Rwanda, Kigeli Rwabugiri, na Juni iliyofuata ndipo alipofika ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Kivu, zilipo leo Gisenyi na Goma. Hakurudi alikotoka. Alikata msitu wa Kongo, akatokea Matadi mwishoni mwa Novemba 1894. Kutoka bahari hadi bahari ilimchukua karibu mwaka mzima.

Ndege nayo haikuanza kwa kasi tunayoidhania. Tarehe 12 Februari 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels kwenda Léopoldville, Kinshasa ya sasa. Alitua tarehe 3 Aprili, siku ya 51. Katika siku zote hizo, angani alikaa saa 75 na ushei. Muda uliobaki ulikwenda chini, kwa kutengeneza na kungoja. Msafiri wa Gisenyi hawezi kumcheka.

Leo Kigali na Brussels zimeachana karibu kilomita 6,400, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa saa kama nane. Lakini kabla ya hizo nane kuna basi: kilomita zipatazo 150 za kona na milima, kupitia Musanze hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo, Kigali, saa tatu na zaidi. Kisha teksi, kisha foleni ya uwanjani. Kiwanja cha ndege cha hapa Gisenyi ni kidogo, si cha kumfikisha mtu Ulaya.

Uwanja mkubwa uko ng'ambo, Goma nchini Kongo, mwendo mfupi wa pikipiki ukishavuka Petite Barrière, mpaka unaovukwa kwa miguu na makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Bahati yake ni mbaya. Januari 2002 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka, maelfu wakakimbilia huku Gisenyi, na lava ikafunika sehemu ya njia ya kurukia, ikabaki fupi kwa miaka mingi. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, uwanja ukafungwa kwa abiria.

Goma hadi Kinshasa ni kilomita 1,500 na kitu, saa mbili hivi angani. Baada ya kufungwa huko, mtu wa Goma mwenye shughuli Kinshasa alivuka kwa miguu, akapanda basi la Kigali, akaruka hadi nchi ya tatu, ndipo akageuka kurudi nchini kwake. Februari mwaka huohuo Kongo ilizifungia anga yake ndege zilizosajiliwa Rwanda, nazo zikalazimika kuizunguka nchi hiyo.

Kwa hiyo wewe unayeondoka Gisenyi na una ndege ya usiku Kigali, panda basi la asubuhi.