Kumuuguza mzee mwenye maradhi ya moyo na mapafu

Katika Milima ya Upare, mzee mwenye maradhi ya moyo na mapafu huelemewa na miinuko, baridi na moshi wa kuni. Wauguzi humkalisha akiegemea mito ili apumue vizuri. Mapafu yakiwa yameharibiwa na moshi au sigara, oksijeni hutolewa kwa kipimo, kwa kawaida ifikie asilimia 88 hadi 92 katika damu. Ikizidi inaweza kumdhuru.

Nyumbani, tunawashauri mpunguze chumvi, mpikie mbali naye na mumpime uzito kila asubuhi. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, miguu ikivimba au midomo ikiwa ya bluu, msingoje gari la kesho. Mpelekeni hospitali, Same au Gonja, mkiwa na dawa zake zote.