Kufuli la barua pepe lililotaka kumponza dada katibu

Najua nimeadimika. Bumu limeisha, mitihani imeisha, na fildi nayo imeisha juzi. Leo nawaletea historia kidogo, ila ngojeni kwanza niwape kisa.

Ofisi niliyofanyia fildi (jina nalihifadhi) ina anwani moja ya barua pepe, watu wote wanaitumia hiyo hiyo. Sasa kila siku, mara mbili tatu hivi, programu ya barua kwenye kompyuta ya dada katibu muhtasi inagoma. Kinatokea kidirisha kinadai neno la siri. Anaandika, inakataa. Anarudia, inakataa. Baada ya robo saa inakubali yenyewe kama vile hakuna kilichotokea. Bosi akashikilia kwamba dada anabadilisha neno la siri ili afiche barua za zabuni. Barua ya onyo ilishachapwa, na aliyeichapa, jamani, ni dada mwenyewe!

Mafundi walibadilisha kebo, wakabadilisha hata kompyuta. Wapi! Mimi nikachukua daftari nikawa naandika saa ya kila mgomo. Siku ya tatu nikagundua kwamba inagoma bosi akiwa njiani na laptopu yake, anatumia intaneti ya simu. Nikafungua jibu kamili la seva, lile linalofichwa nyuma ya kidirisha. Halikusema neno la siri ni baya. Lilisema sanduku limefungwa, kuna mwingine ndani.

Hapo ndipo historia inapoingia. Mwaka 1971 Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kupitia mtandao wa ARPANET, kati ya kompyuta mbili zilizokaa chumba kimoja. Enzi hizo kompyuta zilikuwa kubwa na hazizimwi, kwa hiyo barua ikija inamkuta mwenyeji. Agosti 1982 Jonathan Postel akaandika itifaki ya SMTP, ya kusafirisha barua. Lakini kompyuta ndogo za mezani zikaanza kuenea, na hizo jioni zinazimwa. Nani atapokea barua usiku?

Jibu lilikuwa kama S.L.P. zetu: barua zikae posta, mwenyewe aje na ufunguo. Oktoba 1984 ikatoka itifaki ya POP, maana yake itifaki ya ofisi ya posta. Ya pili ikaja 1985, na ya tatu, POP3, mwaka 1988. Wazo lilikuwa mtu mmoja, kompyuta moja: ingia, beba barua zako, ondoka.

Kwa hiyo waraka wa POP3 wa Mei 1996 unaeleza kwamba mtu akishaingia, seva inalifunga sanduku kwa kufuli, asije mwingine akafuta barua katikati. Na aliyekatika bila kuaga? Seva ikiwa na saa ya kumtoa mtu aliye kimya, saa hiyo isipungue dakika 10.

Mmeona mchezo? Laptopu ya bosi ilipangwa kuchungulia barua kila dakika. Mtandao wa simu ukikatika njiani, kufuli linabaki. Dada akija, seva inamkatalia pale pale anapotoa neno la siri, na programu yake inadhani neno ndilo lenye kosa.

Nikamwomba bosi azime programu yake siku mbili. Hakuna mgomo hata mmoja. Siku ya tatu nikaiwasha mbele yake, nikakata mtandao katikati ya kupakua barua. Kwa dada, kidirisha hicho hapo! Mzee kimya.

Dawa yake nayo ni ya zamani. IMAP, aliyoibuni Mark Crispin kule Stanford mwaka 1986, inaacha barua kwenye seva, na toleo la leo linaruhusu vifaa kadhaa kuingia pamoja. Tukahamia huko, na kila mtu akapewa anwani yake.

Barua ya onyo ilichanwa. Bosi hakusema samahani, alimnunulia dada soda tu. Mimi dada alinikaribisha chai na maandazi hadi siku ya mwisho. Ila bado nawaza, kama ningesoma kidirisha tu bila kusoma jibu la seva, leo mtu angekuwa hana kazi.

Haya, nakimbilia foleni ya kantini. Alamsiki!