Fuchur

Fuchur ni joka la bahati katika riwaya ya mwandishi Mjerumani Michael Ende, Die unendliche Geschichte, iliyotoka mwaka 1979. Katika tafsiri ya Kiingereza huitwa Falkor. Ana magamba meupe yenye mng'ao wa lulu, kichwa kinachofanana na cha simba na sauti nzito kama kengele ya shaba. Hana mabawa, ila huogelea hewani hata akiwa usingizini.

Majoka mengi ya hadithi hutema moto na kulinda hazina. Huyu hana tamaa ya chochote. Silaha yake ni bahati, na tabia yake ni matumaini yasiyokatika, kiasi cha kumfanya msomaji ajiulize kama kweli anaiona hatari. Hata alipong'atwa na kiumbe aitwaye Ygramul, ambaye sumu yake huua ndani ya saa moja, hakukata tamaa. Yeye na mwenzake, kijana Atréju, aliyeng'atwa pia, waliponywa na dawa za bibi Urgl. Mwishoni mwa riwaya, kwenye chemchemi ya Maji ya Uzima, ni yeye anayeielewa lugha ya maji hayo, kwa kuwa ni lugha ya furaha.

Filamu ya Wolfgang Petersen ya mwaka 1984 ilimpa manyoya na uso wa mbwa, na sura hiyo ndiyo inayokumbukwa zaidi. Ende hakuipenda filamu hiyo.