Akiba ya Majira ya Baridi: Walivyokula Wavikingi

Mwaka 834, huko Oseberg kusini mwa Norwei, wanawake wawili walizikwa ndani ya meli. Meli hiyo ilipofukuliwa mwaka 1904, ilikutwa na jiko kamili: masufuria, kiguzo cha chuma cha miguu mitatu cha kuyatundikia juu ya moto, kijaa cha kusagia nafaka, miiko ya mbao, hata ndoo yenye matufaha. Waliowazika hawakutaka marehemu wao walale njaa huko waendako.

Njaa waliijua vizuri. Sisi tunamkumbuka Mvikingi kwa shoka lake, lakini wengi wao walikuwa wakulima na wafugaji, na adui wa kila mwaka alikuwa majira ya baridi. Malisho yakikaribia kwisha, mifugo ambayo nyasi zilizowekwa ghalani hazingeitosha ilichinjwa kabla theluji haijatanda. Nyama ilikaushwa au kubanikwa kwa moshi. Kule Iceland, ambako kuni za kuchemshia maji ya bahari ili kupata chumvi zilikuwa adimu, ilitumbukizwa kwenye mapipa ya maji machachu yaliyobaki baada ya kugandisha maziwa. Maziwa yenyewe yaligeuzwa siagi, jibini na skyr, mtindi mzito unaoliwa huko hadi leo.

Meko yalikuwa katikati ya nyumba ndefu, na moshi ukijitafutia njia darini. Watu walikula milo miwili kwa siku. Uji wa shayiri ulipikwa kwenye sufuria la chuma au chungu kilichochongwa kwa jiwe la sabuni. Nyama ilichemshwa mara nyingi kuliko kuchomwa, maana mafuta yanayodondokea motoni ni chakula kilichopotea. Katika makaburi ya Birka, Uswidi, vimepatikana vimikate vyembamba vya nafaka. Kinywaji kilikuwa bia ya shayiri, na kwenye karamu pombe ya asali.

Tusiipambe meza hiyo kupita kiasi. Mwaka 1972, mjini York, Uingereza, ambako Wavikingi pia waliishi, kilifukuliwa kinyesi kilichogeuka jiwe cha mtu wa zama hizo. Ndani yake mlikuwa na pumba za nafaka na mayai mengi ya minyoo.

Akiba iliyowafikisha mbali zaidi ilitoka visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa Norwei. Kila majira ya baridi chewa wa Aktiki huja huko kutaga mayai. Huvuliwa, hutumbuliwa, kisha hutundikwa kwenye vichanja. Ni kama ng'onda, ila bila chumvi wala jua kali: upepo baridi hufanya kazi yote. Kilo 5 za samaki mbichi hubaki kama kilo 1 ya samaki mkavu kama gogo, asiyeoza kwa miaka. Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa iliyopatikana Haithabu, bandari ya kale iliyo sasa Ujerumani, umeonyesha kwamba chewa wa Aktiki waliliwa huko tangu enzi za Wavikingi.

Samaki anayehimili safari ndefu baharini ni chakula cha baharia, na pia ni bidhaa. Enzi ya Wavikingi ilififia katika karne ya 11, lakini vichanja vya Lofoten havijaanguka. Samaki wake bado husafirishwa hadi Italia na Nigeria, ambako hulowekwa na kuchemshwa hadi walainike, kisha huungwa kwenye mchuzi.