Ukitaka kutazama ndege Homa Bay na Migori, anza na kalenda



Sisi watu wa pwani tumezoea kuwapokea wageni wanaokuja kutazama ndege. Tunawaona Mida wamesimama matopeni na darubini shingoni. Tunawaona wakiingia msitu wa Arabuko-Sokoke gizani kumtafuta bundi mdogo ambaye wengi wetu tuliozaliwa hapa hatujamwona. Wachache kati yetu hufunga safari ya namna hiyo wenyewe. Mimi nilifunga, nikaenda hadi upande wa pili wa nchi, na ndege niliyemfuata nikamkosa. Naandika haya ili nawe usimkose.

Kosa lilikuwa la mwezi. Nilikwenda Desemba kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Siku ya kwanza katika mbuga ya Ruma, kaunti ya Homa Bay, niliona mbayuwayu chungu nzima wakipita juu ya nyasi, nikamshukuru Mungu. Askari wa wanyama tuliyekuwa naye akatabasamu. "Mzee, hawa ni wageni kutoka Ulaya. Yule unayemtaka aliondoka Septemba."

Niliyemtaka ni mbayuwayu wa buluu, ambaye wataalamu humwita Hirundo atrocaerulea. Rangi yake ni buluu iliyokoza, inayong'aa kama chuma kilichosuguliwa, na dume ana mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Huyu hatoki Ulaya. Huzaa katika nyanda za juu za kusini mwa Afrika, kuanzia Kitulo huko Tanzania, kupita Malawi, Zambia na Zimbabwe hadi Afrika Kusini. Baridi ikiingia huko, huja kaskazini, Uganda na magharibi mwa Kenya. Kwetu hufika mnamo Aprili na kuondoka Septemba. Yumo katika orodha ya IUCN ya ndege walio hatarini kutoweka, na katika Kenya nzima Ruma ndiyo hifadhi anayoonekana mwaka baada ya mwaka.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza: chagua ndege, ndege atakuchagulia mwezi, kisha ndipo ukate tiketi. Mimi nilianza na tiketi.

Mwezi gani?

Kama shida yako ni mbayuwayu wa buluu, nenda kati ya Juni na Agosti. Aprili na Mei ndege yupo, lakini ni masika, na udongo wa Ruma ni ule mweusi unaonata; gari dogo likizama humo utalala nalo. Agosti inafaa zaidi kwa wenye watoto kwani huwa kuna likizo. Kama shida yako ni ndege wahamiaji wa Ulaya na Asia, hapo Oktoba hadi Machi ni sawa. Wenyeji wa ziwani, kama furukombe, mdiria na ndege wa mafunjo, wapo mwaka mzima.

Njia

Kutoka Mombasa, treni ya SGR hadi Nairobi, kisha basi la kupitia Narok na Kisii hadi Homa Bay. Usijaribu kuunganisha yote bila kupumzika ukitarajia kutazama ndege asubuhi yake. Utakuwa unasinzia na darubini usoni. Ukifika Homa Bay, kodi gari la magurudumu manne kwa siku mbili. Hapo ndipo pesa nyingi zitakapokwenda, kwa hivyo mkiwa wanne mnagawana. Kiingilio cha mbuga hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, si taslimu langoni. Lipa ukiwa mjini, mtandao bado upo.

Ruma

Mbuga hii iko bonde la Lambwe, ina kilomita za mraba 120 hivi. Ilitengwa mwaka 1966 na ikawa mbuga ya taifa 1983. Wengi huja kumwona korongo, na hapa simaanishi ndege bali yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye Kenya nzima amebaki hapa tu. Wewe usimfuate swala. Mwombe askari akupeleke kwenye nyasi fupi zilizo wazi, muzime gari, mngoje. Mbayuwayu wa buluu huruka chini chini akivua wadudu juu ya nyasi. Wakati mzuri ni tangu jua linapochomoza hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni. Jua la mchana ni la kulala chini ya mti.

Jambo moja kubwa: Lambwe ina mbung'o. Zamani bonde hili lilijulikana kwa ugonjwa wa malale, na mpaka leo utaona mitego ya vitambaa imesimamishwa vichakani. Tazama rangi za mitego hiyo: buluu na nyeusi. Ndizo rangi zinazomvuta mbung'o. Basi dada zangu, buibui jeusi liacheni mjini kwa siku hiyo, mvae baibui au dera la rangi ya mchanga, lenye mikono mirefu na kitambaa kizito. Wanaume nao waache jinzi. Dawa ya kupaka ya mbu haimzuii sana mbung'o. Nguo ndiyo kinga.

Ziwani

Siku ya tatu iwe ya ziwa. Kando ya ziwa kuna mafunjo, yale majani marefu ya majini, na ndani yake wanaishi ndege ambao hawaishi penginepo. Anayetafutwa zaidi ni tiva wa mafunjo, Laniarius mufumbiri: mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano na mstari mweupe kwenye bawa. Usimchanganye na jamaa yake mwenye utosi mweusi, ambaye pia ni mwingi ziwani na hukaa hata kwenye bustani. Ukiona kifua chekundu, tazama kichwa kabla hujashangilia.

Mtumbwi utaupata kwa kamati ya ufuo, BMU, kama zilivyo zetu huku. Patana bei kabla ya kupanda, dai jaketi la kuokolea, na mtoke asubuhi; alasiri upepo huamka na ziwa hubadilika. Usiingie majini kwa miguu mitupu, kuna kichocho. Malaria pia ni nyingi kuliko kwetu, kwa hivyo muone daktari kabla ya safari na ulale ndani ya chandarua.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima, ambako mara nyingine flamingo hutua kwa wingi na mara nyingine hakuna hata mmoja. Wajaluo husimulia kwamba hapo palikuwa kijiji kilichomfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi usiku wa karamu, maji yakakimeza. Mtu wa pwani akisikia hadithi hiyo haimwii ngeni.

Migori

Usiishie Homa Bay. Kaskazini-magharibi ya mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa, linalokisiwa kujengwa karne ya 16. UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018. Sisi tunaojua magofu ya Gede tutaelewa thamani yake. Kwa mtazama ndege, vichaka na miti iliyoota kati ya kuta hizo ni mahali pa kukaa kimya nusu saa. Ndege wa vichakani hujitokeza wenyewe ukitulia.

Sala na chakula

Kumbuka kwamba huko ni magharibi. Jua huchomoza na kuzama kama dakika 20 baada ya Mombasa, kwa hivyo usitumie ratiba ya sala ya nyumbani. Hii pia ni faida: unasali alfajiri kwa utulivu, unapata chai, na bado unawahi ndege. Misikiti ipo Homa Bay, Migori na Kendu Bay. Nyama uliza kwanza, lakini samaki wa ziwani hakuhitaji fatwa: ngege wa kukaanga na ugali.

Vifaa

Darubini ya macho mawili ya kiwango cha 8 kwa 42 inatosha. Kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki kina picha za wote niliowataja. Programu ya Merlin hufanya kazi bila mtandao ukiipakua kabla. Ukitaka kiongozi anayejua sauti, waulize Nature Kenya, chama kilichoanza mwaka 1909.

Kwa nini ujisumbue?

Mbayuwayu wa buluu anapungua kwa sababu nyasi anazozalia zinalimwa au kupandwa misonobari na mikaratusi. Huku kwetu mafunjo yanakatwa na kuchomwa ili kupata shamba. Mwenye kukata simlaumu, naye ana watoto. Lakini kijana aliyenipeleka kwa mtumbwi alisema tangu wageni waanze kumlipa awaonyeshe tiva, baba yake ameacha kuchoma upande wao wa ufuo. Tumeliona jambo hilo hilo Mida. Pesa ya mgeni ikimfikia anayeishi na ndege, ndege hupata mlinzi. Basi kiongozi awe wa pale pale, mtumbwi uwe wa pale pale, na chakula ukinunue pale pale.

Mimi nimeshatia alama Agosti. Safari hii, Inshallah, tiketi itafuata ndege.