Kanuni za Mieleka ya Maonyesho

Mieleka ni katika michezo ya kale kabisa ya wanadamu. Haihitaji chombo wala uwanja wa gharama. Miili miwili na kipande cha ardhi vyatosha. Kanuni yake ya asili nayo ni fupi: alazwaye chini ameshindwa. Lakini, msomaji, iko mieleka ya namna nyingine ambayo yamkini umepata kuiona katika runinga. Hupiganwa ulingoni, ndani ya kamba, chini ya taa kali na mbele ya watu maelfu. Wapiganaji wake huvaa mavazi ya rangi na kujipa majina ya kutisha, na mshindi hujulikana na waandalizi kabla ya kengele kulia. Hiyo ndiyo mieleka ya maonyesho.

Hapa huzuka swali. Ikiwa mshindi amekwisha kuchaguliwa, kanuni ni za nini? Mbona yuko mwamuzi, na hesabu ya moja, mbili, tatu, na aina za mapambano zisizokwisha? Wengi hujibu upesi kwamba hayo yote ni pambo la udanganyifu. Fuatana nami katika historia ya mchezo huu, nawe utaona kwamba sivyo. Kadiri ushindani wa kweli ulivyopungua, ndivyo haja ya kanuni ilivyozidi.

Tuanze na siku ambazo mabingwa walipigana kwa nia ya kushinda kweli. Katika karne ya kumi na tisa watu wa Lancashire, Uingereza, walikuwa na mieleka iliyomruhusu mtu kumshika mwenzake popote, juu au chini ya kiuno. Mtindo huo ulivuka bahari ukastawi Marekani. Tarehe 3 Aprili, 1908, mjini Chicago, Frank Gotch wa Iowa alikutana na George Hackenschmidt, bingwa aliyezaliwa katika dola ya Urusi. Walishikana kwa muda wa zaidi ya saa mbili, na mwisho Hackenschmidt akakubali kushindwa. Tarehe 4 Julai, 1916, mjini Omaha, Joe Stecher na Ed Lewis walipigana karibu saa tano, wala hapana aliyemwangusha mwenzake. Wakatoka sare.

Fikiri, msomaji, umelipa kiingilio chako, ukaketi juani kwa saa tano kutazama watu wawili walioegemeana kama miti miwili iliyoangukiana msituni. Ustadi upo, lakini aliye mbali hauoni. Mieleka ya kweli baina ya watu wa nguvu sawa aghalabu huwa ya polepole, kwa sababu kila mmoja huogopa kukosea. Hila za kupatana kabla ya pambano zilikuwapo tangu zamani, lakini ugumu huu ndio uliozigeuza kuwa biashara kamili.

Katika miaka ya 1920 watu watatu walishirikiana Marekani kuufanya mchezo upya. Nao ni yule Ed Lewis, aliyesifika kwa kabari yake; meneja wake, Billy Sandow; na Toots Mondt, mpiga mieleka mwenye akili ya uvumbuzi. Waliweka mpaka wa muda wa pambano. Waliingiza mirusho na miruko inayoonekana hata na mtu aliyeketi nyuma kabisa. Tena, badala ya kungoja wapinzani wazuke huku na huku, waliajiri kundi la wapiganaji wakazunguka nalo mji hata mji, kama kundi la waigizaji. Tangu hapo pambano lilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho, kama hadithi.

Lakini hadithi hiyo ilitegemea kanuni moja isiyoandikwa: kila mtu atimize ahadi yake. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mshindani wa kawaida hukubali kushindwa baada ya mchezo. Huyu wa maonyesho hukubali kabla yake. Mnamo Januari 1925 watatu hao walimpa ubingwa Wayne Munn, mtu mrefu aliyepata sifa katika kandanda ya Kimarekani, lakini ambaye hakuwa hodari wa mieleka ya kweli. Tarehe 15 Aprili mwaka huo, mjini Philadelphia, alikutana na mzee wa kazi, Stanislaus Zbyszko wa Poland, aliyetarajiwa kuanguka. Zbyszko hakuanguka. Alipigana kwa kweli, akamlaza Munn mara kwa mara, na mwamuzi hakuwa na budi kumtangaza mshindi. Taji lililojengwa juu ya mapatano likabomoka usiku mmoja kwa mtu mmoja kuyavunja mapatano hayo. Tazama jinsi ahadi isiyoandikwa ilivyokuwa na uzito kuliko mkanda wa bingwa.

Uingereza nayo ilipata funzo lake kwa njia nyingine. Mieleka ya maonyesho ilipoanza kuvuma huko mwaka 1930, iliruhusu karibu kila kitu. Ukatili na vituko vikazidi, heshima ya mchezo ikashuka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1947, kamati iliyoitwa kwa jina la Admirali Lord Mountevans, aliyekuwa katika msafara wa Scott wa kwenda Antaktiki, ilitunga kanuni mpya. Wapiganaji waligawanywa kwa uzito katika madaraja saba. Pambano liligawanywa katika raundi. Kwa kawaida mshindi alikuwa yule aliyetangulia kupata maangusho mawili katika matatu. Aliyelala na kushindwa kuinuka mpaka hesabu ya kumi alikuwa amekwisha kabisa, na mkosaji alionywa mbele ya watu wote. Onyo la tatu lilimtoa mchezoni. Kwa kanuni hizo mieleka iliingia katika televisheni ya Uingereza mwaka 1955, ikadumu humo mpaka mwaka 1988.

Huko Meksiko, Salvador Lutteroth alianzisha kampuni ya mieleka mwaka 1933, na huko kanuni zilikua kwa namna ya nchi ile. Wapiganaji hugawanyika makundi mawili: mafundi, wanaofuata sheria, na wakorofi, wanaozivunja. Wengi huvaa vinyago, na kumvua mtu kinyago chake katika pambano la kawaida ni kosa la kutolewa mchezoni. Walakini liko pambano la rehani, ambamo kila mmoja huweka kinyago chake au nywele zake. Ashindwaye kinyago huvuliwa mbele ya umati na hutaja jina lake halisi. Mwaka 1952 El Santo alimshinda Black Shadow katika pambano la namna hiyo. El Santo mwenyewe hakushindwa kinyago chake maishani. Alipofariki dunia mwaka 1984, alizikwa nacho.

Sasa tazama aina za mapambano, maana kila aina ilizaliwa kujibu swali. Katika mieleka ya Kimarekani, pambano la kawaida hukoma mabega mawili yanapogusa turubali kwa hesabu ya tatu, au mtu anaposalimu amri, au anapokaa nje ya ulingo mpaka hesabu ya kumi, au anapotolewa kwa kosa. Lakini iko kanuni nyingine: kwa kawaida ubingwa hauhami kwa mtu kutolewa kwa kosa wala kwa kukaa nje. Bingwa mwovu huutumia mwanya huo. Aonapo ameelemewa, humpiga mpinzani kwa kiti mbele ya mwamuzi, akatolewa, akaenda zake na mkanda begani. Watazamaji hughadhibika. Ndipo waandalizi hutangaza pambano lisilo na kutolewa kwa kosa, na mwanya umezibika. Akikimbia nje, safari ijayo huzungushiwa kizimba cha chuma. Marafiki zake wakimsaidia, hufukuzwa ukumbini. Hivyo kanuni moja huzaa hila, na hila huzaa kanuni ya pili, na hadithi huendelea.

Pambano la wawili kwa wawili lina werevu wake pia. Mmoja tu wa kila upande huruhusiwa kuwa ndani. Mwenziwe husimama pembeni, ameshika kamba fupi, mpaka aguswe mkono. Sheria hiyo ndogo ndiyo inayoleta huruma yote, kwa kuwa mtu aliyechoka hutambaa kuelekea mkono wa mwenzake, na ukumbi mzima hutambaa pamoja naye. Katika pambano la ngazi, kitu cha thamani hutundikwa juu, na mshindi ni atakayepanda kukitungua. Aina hiyo ilionekana Calgary, Kanada, katika miaka ya 1970, ikajulikana duniani baada ya pambano la Shawn Michaels na Razor Ramon mjini New York tarehe 20 Machi, 1994. Mwaka 1988, mjini Hamilton, Kanada, ulifanyika mpambano wa kwanza wa Royal Rumble kuonyeshwa katika televisheni. Watu 20 waliingia mmoja mmoja, kila baada ya dakika kama mbili, na aliyetupwa juu ya kamba ya juu hata miguu yake miwili ikagusa sakafu, alitoka. Mwaka uliofuata idadi ilifika 30.

Je, si jambo hili linafanana na ushairi wetu? Mshairi hujifunga kwa vina na mizani, wala hapana amlazimishaye. Tunamsifu kwa kuwa ndani ya kifungo hicho amepata njia ya kusema alitakalo. Kanuni za mieleka ya maonyesho ni vina na mizani yake. Ziondoe, na watu wanaorukiana bila mpaka watachosha macho kabla ya nusu saa.

Siri ya mapatano ililindwa miaka mingi. Hatimaye, mwaka 1989, kampuni kubwa ya Marekani iliyoitwa World Wrestling Federation ilikiri mbele ya watunga sheria wa New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, si shindano la haki la riadha. Ilitaka kuondolewa chini ya usimamizi wa halmashauri ya michezo na gharama zake. Wako waliodhani kwamba mchezo utakufa. Haukufa. Watazamaji waliendelea kuja, kwa maana walikuja kuona hadithi ikisimuliwa kwa miili.

Lakini neno burudani lisikupoteze, msomaji. Mwisho wa pambano umepangwa. Sakafu haikupangwa, wala shingo, wala uti wa mgongo. Tarehe 23 Mei, 1999, mjini Kansas City, Owen Hart alikuwa akishushwa kwa kamba kutoka juu ya ukumbi ili aingie kwa mbwembwe. Kifungo kikafunguka kabla ya wakati, akaanguka, akafa. Hakuuawa na mpinzani. Aliuawa na onyesho ambalo ulinzi wake haukutosha.

Kwa hiyo, chini ya kanuni zote zinazotangazwa, iko moja isiyotangazwa, nayo ndiyo kuu: kila mpiganaji amekabidhiwa mwili wa mwenzake. Ainuliwapo juu, anayemwinua ndiye anayemlinda. Uso unaoonyesha chuki hufunika mikono inayotunza. Watu hawa hujifunza kuanguka kwa miezi mingi kabla ya kujifunza kuangusha, na mwamuzi, ambaye watazamaji humcheka kwa upofu wake, huuliza kwa sauti ya chini kama aliyelala yu mzima, na kama si mzima, hulikatiza pambano.

Vijana wengi huiga mchezo huu katika mabweni na viwanja vya shule. Huona miruko wakaiiga, lakini kanuni ile kuu haionekani, na kwa hiyo hawaiigi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ikiwa wewe na wenzako mwataka kuunda chama cha mieleka, anzeni mahali ambapo historia hii imeishia: mpateni mwalimu, tandikeni magodoro mazito, jifunzeni kuanguka, afikianeni neno la kusimamisha mchezo, na mwamuzi wenu awe mtu anayetiiwa. Kinyago na ngazi vyaweza kungoja. Mtu aliyekubali kushindwa kwa ajili ya onyesho amekukabidhi shingo yake. Haki yake ya kwanza ni kuinuka tena mzima.