Takwimu mwaka wa kwanza chuoni: Pale wanafunzi wengi wanapokwama

Mwanafunzi amechaguliwa kusoma sosholojia, uuguzi au biashara. Anafurahi, maana hesabu aliziaga kidato cha nne. Ratiba ikibandikwa anakuta kozi ya takwimu imo, tena ni ya lazima. Presha inaanzia hapo.

Na presha hiyo ina sababu. Kozi ya lazima ukiifeli unarudi kufanya sapu. Ukifeli tena, vyuo vingi vinakutaka uirudie mwaka unaofuata, na GPA ikishuka chini ya kiwango unadisko. Kwa anayesomeshwa kwa mkopo au kwa mahindi ya mzazi, mwaka mmoja wa ziada si jambo dogo.

Hata hivyo, hesabu zilizomo ni za kawaida: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili, na kikokotoo kinaruhusiwa. Wengi wanaangushwa na kutojua jibu walilopata lina maana gani.

Wiki za mwanzo zinadanganya

Kozi huanza kwa upole: aina za data, chati, wastani. Mwanafunzi anaona mbona rahisi, anaanza kutoroka vipindi na kutegemea madesa. Wiki chache baadaye inaingia mada ya uwezekano, kisha sampuli, kisha kupima nadharia tete, na kila moja inasimama juu ya iliyotangulia. Aliyekosa mada ya uwezekano hawezi kuikwepa huko mbele.

Hata wastani wenyewe una mtego. Chukua dereva wa bodaboda aliyepata kwa siku tano shilingi 8,000, 10,000, 12,000, 14,000 na 16,000. Wastani wake ni 12,000. Mwenzake kapata 2,000, 2,000, 4,000, 4,000, halafu siku moja akakodiwa safari ndefu akapata 48,000. Naye wastani wake ni 12,000! Lakini ukipanga namba zake kuanzia ndogo, ya katikati ni 4,000 tu. Anayetaka kumkopesha mmoja wao angefanya vizuri kuangalia namba hiyo ya katikati.

Ndiyo maana kuna kipimo cha mtawanyiko, kile kinachoandikwa kwa herufi s. Kwa dereva wa kwanza, kila siku inatofautiana na wastani kwa 4,000, 2,000, 0, 2,000 na 4,000. Kila tofauti inazidishwa kwa yenyewe, zinajumlishwa, zinagawanywa kwa 4, halafu jibu linatafutiwa kipeuo cha pili. Linakuja kama shilingi 3,162.

Kwa nini 4 wakati siku ni 5? Swali hili linapenda kutoka kwenye mtihani. Siku tano ni sampuli tu ya siku zake zote za kazi. Tofauti zimepimwa kutoka wastani wa siku hizo hizo tano, na wastani huo daima uko karibu na data zake kuliko wastani halisi wa siku zote. Mtawanyiko unaonekana mdogo kuliko ulivyo, na kupunguza moja kunasahihisha hilo.

Kwenye kikokotoo makosa ni mengi hapa. Alama ya σx inagawanya kwa idadi yote, sx inapunguza moja. Vikokotoo vya zamani vinaandika xσn na xσn-1. Kwenye Excel ni STDEV.P na STDEV.S. Ukibonyeza isiyo yako, umepoteza maksi huku kanuni unaijua kwa kichwa.

Sensa na sampuli

Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Huko walilengwa watu wote. Utafiti mwingi haumudu hivyo, unachukua sampuli, na sampuli ina makosa yake. Ukiwauliza watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu swali la ndiyo au hapana, kosa linaweza kufika kama asilimia 5 juu au chini. Ukitaka kulipunguza hadi nusu unahitaji watu 1,600, yaani mara nne na si mara mbili. Wanaopanga bajeti za utafiti wanaijua vizuri sheria hii.

Wanafunzi wa mwaka wa tatu hukutana na kanuni ya Taro Yamane wanapotafuta ukubwa wa sampuli. Kwa kijiji cha watu 10,000 na kosa la asilimia 5 inatoa watu 385. Wengi wanainakili kwenye ripoti bila kujua inadhani uchaguzi umefanyika kwa bahati nasibu. Kuwahoji watu 385 waliopita sokoni Jumamosi ni kitu kingine kabisa.

Thamani ya p

Hapa ndipo kilio kikubwa kilipo. Tuseme sarafu imerushwa mara 10, kichwa kikatokea mara 9. Je, sarafu ina hila? Unaanza kwa kudhani haina. Kisha unauliza: kama haina hila, uwezekano wa kupata kichwa mara 9 au zaidi ni kiasi gani? Jibu ni 11 kwa 1,024, kama 0.011. Hiyo ndiyo thamani ya p. Ni ndogo kuliko 0.05, kwa hiyo unaikataa dhana ya mwanzo.

Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 1 tu kuwa sarafu ni nzima. Wanaoandika hivyo wanakatwa maksi kila mwaka. Na p ikiwa kubwa, hujathibitisha kwamba sarafu haina hila. Umekosa ushahidi tu, kama mahakamani.

Jaribio la t, linalofundishwa hapo hapo, lilitoka kiwandani. William Sealy Gosset alifanya kazi kwenye kampuni ya bia ya Guinness, Dublin, akihangaika na sampuli ndogo ndogo. Mwaka 1908 alichapisha kazi yake kwa jina la bandia, "Student".

Kabla ya UE

Majedwali ya z hayafanani. Kwa 1.96, jedwali moja linatoa 0.9750, jingine 0.4750, kwa sababu la pili linaanza kuhesabia katikati ya mchoro wa kengele. Pigia msuli jedwali lile lile litakalotolewa kwenye chumba cha mtihani, na maswali ya miaka iliyopita yafanywe kwa mkono, si kwa kusoma majibu ya mwenzako.

Kompyuta si lazima kwa mazoezi. Google Sheets inafanya kazi kwenye simu na ni bure; =MEDIAN na =STDEV zinatosha kuhakiki majibu. Wenye laptop wanaweza kupakua R, nayo bure, tofauti na SPSS inayolipiwa.